Sili ambayo Fundi Zuhair hakuibadilisha

Saa tatu asubuhi, Zuhair Kiponda ameinama juu ya injini ya gari dogo jekundu la Kiitaliano, la mwaka 1974, lenye viti viwili na mlio ambao watu wazima wa Malindi bado wanaukumbuka. Anachora alama nyeupe kwenye meno ya mkanda mpya wa taimingi. Anatumia rangi ya kucha ya mkewe, Mahfudha, ambaye hajaombwa ruhusa.

"Mkanda huu ukiruka meno mawili tu, valvu zinagonga pistoni," anasema bila kuinua kichwa. "Hapo injini imekwisha, na fundi naye amekwisha."

Nyuma ya mkanda kuna sili nne, pete za mpira zinazozuia oili isivuje. Leo amezibadilisha zote. Nimemwona akiifuta ya nne mara tatu, kisha akaipapasa kwa kidole kama mtu asiyeamini macho yake.

Zuhair ana miaka hamsini na tisa, mzaliwa wa Mambrui. Magari ya aina hii yamekuwa adimu. Wenyewe, Waitaliano, wengi wamerudi kwao, wengine wamezikwa hapa hapa. Siku hizi anashinda akitengeneza breki za tuktuk, na wiki ikiwa nzuri hupata shilingi elfu saba. Ningeweza kuandika kwamba huyu ni bingwa wa mwisho wa magari ya kale. Mwenyewe amekataa katakata.

"Andika nilichokifanya," anasema.

Alichokifanya ni cha miaka kumi na moja iliyopita, siku ya Ijumaa, kwenye gari hili hili. Gerejini kwao kulikuwa na desturi: Waislamu wakienda msikitini, wenzao Wakristo hupokea kazi ilipofikia na kuimaliza. Jumapili zamu hugeuka. Anayepokea hafungui tena kazi ya mwenziwe kuikagua. Kufanya hivyo kungekuwa matusi.

Siku hiyo Zuhair alikuwa amebadilisha sili tatu. Ya nne ilitaka gurudumu la juu, lile linalopitiwa na mkanda, lifunguliwe, kazi ya saa nzima. Aliiacha ile kuukuu mahali pake, akavalisha mkanda mpya, akanawa na kuvaa kanzu. Kisha akamwita Gona, kijana wa Ganze waliyefanya naye kazi miaka sita.

"Nikamwambia, kila kitu tayari, kaza mkanda ufunge. Wallahi, usiseme sala ndiyo iliyoniharakisha. Kazi ingengoja hadi alasiri. Ulikuwa uvivu, na kiburi juu yake. Nalijiona nalijua gari lile kuliko waliolitengeneza."

Mwezi mmoja baadaye injini ilizima barabarani. Zuhair alipoifungua aliukuta mkanda umelowa oili, na akajua papo hapo ni ile sili ya nne iliyovuja. Mwenye gari wakati huo, Mwitaliano, mume wa mama anayeitwa Pola, aliuliza swali moja tu: nani alikaza mkanda?

"Gona," Zuhair akajibu.

Jibu lilikuwa la kweli, na ndilo lililomwangusha mwenziwe. Mwitaliano alimtukana Gona mbele ya watu na kutaka afukuzwe, naye akafukuzwa siku ile ile. Alikaa miezi kumi na minne bila kazi, na watoto wake wawili wakatolewa shule.

"Nilikuwa nikijifariji kwamba sikusema uongo," anasema Zuhair. "Najuta. Naona haya hata kulisema."

Gari lilifunikwa turubai. Mwitaliano huyo alifariki miaka mitatu iliyopita akiamini kwamba Gona ndiye aliyeliharibu. Mwezi wa pili mwaka huu Mama Pola alimjia Zuhair, akitaka lifufuliwe.

"Aliniambia, sitaki fundi mwengine, wewe ndiwe mwaminifu," Zuhair anakumbuka. "Siku mbili nilimkwepa. Siku ya tatu nikamwambia yote."

Mama Pola, ambaye amekaa Malindi miaka thelathini, hafichi hasira yake. "Mume wangu alimdhulumu mtu kwa sababu ya Zuhair," anasema. "Nilimwambia, malizia kazi, lakini gari langu halitoki hapa kabla Gona hajajua."

Juma lililopita Zuhair alikwenda Bofa, mwendo wa saa nzima kwa matatu, ambako Gona hukata majani katika bustani ya hoteli. Alimkuta na mashine ya nyasi mkononi, akaeleza huku amesimama juani. Alitarajia kutukanwa. Gona aliketi chini.

Nilipompigia, Gona alikubali kusema machache. "Kazi ningepata gereji nyengine, waliniita mara mbili," anasema. "Nilikataa mwenyewe. Miaka yote hii niliamini kwamba niliukaza vibaya. Kila nikishika spana naiweka chini. Kumbe sikukosea."

Siku ile ya Bofa aliagana na Zuhair bila kumpa mkono.

Sasa mkanda umeshakaa mahali pake. Zuhair anataka Gona aje aukaze, kisha arudi kwenye ufundi, wagawane gereji, ambayo sasa ni yake, nusu kwa nusu. Amemtumia ujumbe mara tatu. Hajajibiwa.

Saa tano kasorobo simu inalia juu ya boneti. Mikono ya Zuhair ina oili, anabonyeza spika kwa kiwiko.

"Fundi," inasema sauti ya Gona.

"Naam, ndugu yangu."

"Sili umebadilisha ngapi?"

"Nne. Zote."

"Injini umeizungusha kwa mkono, mizunguko miwili, ukaangalia alama?"

"Bado."

Nyuma ya Gona utingo wa matatu anaita abiria wa Malindi.

"Usiwashe," anasema. "Sijakusamehe, Zuhair. Lakini usiguse kitu. Nakuja kuikagua kazi yako."