Watu wa Gari Lenye Kitanda

Juzi huko Muthangari niliona gari limezama kwenye tope, na vijana wamesimama wakilipiga picha tu. Mama yangu angewafokea.

Nilikuwa mtoto, tukikaa Kangemi. Gari la mzungu na mkewe lilikwama nje ya nyumba yetu ya udongo. Kila alipokanyaga mafuta, liliteleza kuelekea ukuta wetu. Ndani niliona kitanda, sufuria na nguo zimetundikwa. Watu wa kubeba kitanda na sufuria nilikuwa nawajua: wamefukuzwa na mwenye nyumba.

Mama alimwaga jivu chini ya magurudumu, akatandika magunia. "Wewe mzee, polepole! Unataka kuingia kwangu na gari?" Majirani walicheka, wakashika nyuma.

"Harambee!"

"Heee!"

Matope yaliturukia, yakinuka jivu na mpira ulioungua. Gari likatoka. Ukuta ukabaki mzima.

Nikamvuta mama leso. "Waambie chumba cha nyuma kiko wazi."

"Hao wako na nyumba kwao. Wanatembea tu."

Sikuamini. Nani aache nyumba yake akalale kwenye gari? Siku hizi najua wapo, tena kwa raha zao. Siku ile niliwalilia mpaka mama akanichapa.