Siku Niliyosusa Pilau ya Bakari

Siku ile nilisusa shughuli. Naanza hapo kwa sababu kikundi chetu cha Mbagala hakimruhusu mtu kuanza na kosa. Unaanza na asubuhi: umeamkaje, umekula nini, umegombana na nani.

Haya, asubuhi yangu ni hii. Tulikuwa ng'ambo ya Ruvuma, kijiji cha pwani, nyumba ya bati jirani na shule aliyofundisha mume wangu, Issa. Jirani yetu Bakari alikuwa anamwoza binti yake. Kijijini pale haikupikwa pilau ya harusi bila mie kushika mwiko, halafu mkewe Bakari akaenda kuleta mpishi kutoka mjini. Mie nimekaa hapo, mlango wa tatu! Nikawapelekea salamu kwamba tunasafiri kwa shangazi yangu, wasitungoje. Kisha nikafunga mlango kwa ndani, na madirisha yote.

Issa alikuwa amejilaza anasoma gazeti la zamani. "Mke wangu," akasema, "harufu ya pilau ya watu itaniua humu ndani."

"Kufa basi," nikamjibu. Tukacheka.

Ilipofika saa nne nikatoka uani kwenda chooni. Nikasikia mlio, nikadhani bati limeanguka. Ukaja wa pili. Vigelegele vya harusini vikakatika.

Nikachungulia kwenye upenyo wa ua wa makuti.

Watu wenye bunduki walikuwa wamemsimamisha Bakari barabarani, na kanzu yake mpya. Mmoja amemkaba bibi harusi shingo. Akauliza, "Nyumba ya mwalimu wa serikali ni ipi?"

Bakari akanyoosha kidole.

Kwangu.

Nilitaka kumwita Issa. Sikumwita. Nikapenya uani kwa nyuma, nikakimbilia kwenye mikorosho.

Nikasikia mlango unavunjwa. Kisha risasi mbili.

Nyumba waliichoma. Sikumwosha mume wangu, sikumvisha sanda, sikujua nani alimfukia wala kama alifukiwa. Nikavuka mto na watu nisiowajua, nikakaa Mtwara, mwisho nikafika Mbagala, na njia nzima nilikuwa na kidole kile. Nikila nakiona, nikisali nakiona. Watu huomba wajaliwe mali. Mie nilikuwa naomba Mungu anikutanishe na Bakari kabla hajafa kifo chake mwenyewe.

Akanikutanisha naye. Siku hizi napika kwenye shughuli za watu. Mwaka jana nilikuwa Chamazi, kwenye harusi, wakaja wafunga maturubai. Fundi wao, mzee wa ndevu nyeupe, akawa anawaonyesha vijana wake nguzo ikae wapi. Akanyoosha mkono. Mwiko ukanidondoka. Kumbe yu hai! Anakula, anavaa, na kidole anakinyoosha vilevile!

Kesho yake nilikuwa kwa maalim, na ubani wangu mkononi. Nikamwambia nataka halbadiri, Bakari aapizwe. Akaniangalia sana. "Bi Zuhura, kisomo hiki hakimfuati unayemtaka wewe. Kinasomewa kosa, nacho kinamtafuta mwenye kosa popote alipo. Una hakika?"

"Nilimwona kwa macho yangu, maalim."

"Basi kakaeni kwanza kwenye kikundi chenu. Wakishindwa, njoo."

Kikundi chetu ni cha sie tuliotoka ng'ambo. Anakiongoza Bi Rehema, mkunga wa zamani. Zamani kilikuwa mkeka mmoja tu barazani kwake, watu wanaleta ugomvi wa viwanja na wa kurushiana maneno ya vita. Baadaye wakaja watu wa mradi kukiimarisha: mafunzo siku tatu, viti vya plastiki, daftari, na fomu zenye kisanduku cha "aina ya mgogoro". Bi Rehema akavipokea viti na daftari. Fomu akazirudisha. "Hizi zinaanza na kosa," akawaambia. "Sie tunaanza na asubuhi."

"Hiyo asubuhi inamfufua nani?" nilimuuliza kwa kebehi. Akamtuma mtu kumwita Bakari.

Tukakaa Jumamosi baada ya adhuhuri. Nikatangulia mie. Nilisema nilivyosusa, tena kwa kujidai, nikasema kidole, nikasema risasi mbili. Nikamaliza: "Huyu simtaki kati yetu. Na nataka ruhusa yenu, nikamsomee."

Bakari akaanza na asubuhi yake, macho chini.

"Shemeji, niliamka nikaambiwa umekasirika. Nikamgombeza mke wangu. Nikachota sahani ya pilau, nikaja mwenyewe kukuomba radhi. Nikapiga hodi mara tatu. Mara ya mwisho nikamwita mwalimu kwa jina. Kimya. Nikarudi nikawaambia watu, kweli wamesafiri. Waliponishikia binti yangu nikaona bora nyumba isiyo na mtu. Nikasema wavunje, wachome, bati litanunuliwa. Na binti walimchukua vilevile, mpaka leo. Wanaume waliokuwa nyuma kwenye masufuria walikimbia wakapona wote. Mwalimu angekuwa nao."

"Mwongo!" Nilisimama nikamtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika, mbele ya watu wazima. "Mwongo mkubwa! Mnafiki!"

Bi Rehema hakupandisha sauti. "Zuhura. Hodi uliisikia?"

Hodi zile nazikumbuka. Ya tatu ilipopigwa Issa alikuwa ameshainuka kwenda kufungua. Nilimvuta shati, nikamziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa anacheka, pumzi yake nikiihisi mkononi. Nikamnong'oneza, "Waache, wajue leo wamemkosa nani."

"Niliisikia," nikasema.

Hakuna aliyenisuta. Bi Rehema akaandika kwenye daftari lake, akaniuliza kama nimesamehe. Nikamwambia sijasamehe. Akaandika na hilo.

Na kweli sijasamehe. Angeweza kuonyesha shule. Angeweza kuonyesha baharini. Tukikutana kwenye shughuli, yeye turubai na mie jiko, sahani yake inapelekwa na mtu mwingine, mkono wangu haumpi chakula. Kinyongo nilicho nacho kinatosha kunifikisha kaburini.

Ila ubani ule bado umo kabatini, nimeufunga kwenye pindo la khanga. Maalim kaniuliza mara mbili kama nakuja. Namwambia bado. Naogopa kikisomwa kisomo kile kitapita Chamazi kwa Bakari bila kusimama, kije Mbagala kubisha hodi kwangu.