Kaseti ya Nyuki

Perez Amolo alishona sare za shule kwenye mtaa wa Kondele kwa miaka kumi na minane, na kazi iliyomlisha ndiyo iliyomla macho. Kufikia mwaka wa 1987 bado aliweza kunyoosha mshono kwa kupapasa, lakini herufi za vitabu zilikuwa zimegeuka siafu. Yeye aliyekuwa akimaliza kitabu kila wiki akaenda kwenye maktaba ndogo ya mtaa jirani wa Manyatta, chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa mikutano, akauliza kama kuna vitabu vya kusikiliza.

Vilikuwapo. Kaseti kumi na tisa ndani ya boksi la viatu. Alizimaliza kabla mvua ya masika haijakatika: ufugaji wa kuku, usafi wa choo, masomo ya Kiingereza, na hadithi moja tu, ambayo mwisho wake ulikuwa umetafunwa na redio kaseti ya mtu.

"Bwana Waliaula," alimwambia mtunza maktaba, mtu mpole wa Bungoma aliyefunga tai hata siku za jua kali, "hii ya kuku nimesikiliza mara nne. Sasa nitaanza kutaga."

Waliaula alicheka, akamsukumia daftari la malalamiko. "Andika, Mama. Mimi nikisema, wakubwa hawanisikii."

Perez aliandika kwa herufi kubwa, pua ikikaribia kugusa karatasi: MNATULETEA KUKU TU. TUNATAKA KUSIKIA MAMBO YA WATU. Akatia jina lake lote.

Wiki mbili baadaye Waliaula akampa kaseti mpya. Kuna mtu alikuwa ameiacha mlangoni pamoja na vitabu vikuukuu, bila kusema jina. Juu yake iliandikwa Ufugaji wa Nyuki.

"Tumetoka kwa kuku tukaingia kwa nyuki," Perez alinung'unika, lakini akaichukua. Kadi ikapigwa muhuri.

Aliifungulia kwenye duka lake la ushonaji siku ya Alhamisi mchana. Kwenye benchi alikuwa ameketi Beldina, mke wa karani wa chifu, akingoja gauni lake lipindwe upindo. Mzee wa kwenye kaseti alieleza habari za mizinga na moshi kwa sauti ya kusinzia. Halafu kukawa na mkwaruzo, na mzee akakatika. Ikaingia sauti nyingine, ya kijana, ya haraka.

"Wananchi, mtaogopa hadi lini? Waliotufungia ndugu zetu wanakaa Ikulu wakila..."

Mguu wa Perez ulikwama juu ya kanyagio la cherehani. Kila mtu alijua mwaka ule ulikuwa mwaka gani. Mwalimu mmoja wa mtaa wa pili alikuwa amechukuliwa nyumbani kwa ajili ya karatasi mbili tu za kuipinga serikali zilizopatikana chini ya godoro, na mpaka siku hiyo mkewe alikuwa hajaambiwa yuko wapi. Perez alirukia redio, akaizima kwa kiganja.

Beldina alikuwa amekwisha kusimama. "Mama Gordon," alimwita Perez kwa jina la mwanawe, "gauni nitachukua siku ingine."

"Dada, hii ni ya nyuki. Ni ya maktaba."

"Mimi sijasikia kitu," Beldina alisema, akatoka bila kuaga.

Siku tatu Perez alikuwa akitafuta la kufanya. Kuichoma alifikiri, lakini kadi ilikuwa na jina lake, na kaseti iliyopotea huulizwa. Kuirudisha ilivyo pia alifikiri, lakini nani angeamini kwamba hakuirekodi yeye? Kila pikipiki iliyopunguza mwendo mbele ya duka ilimfanya asimamishe cherehani. Kisha, Jumamosi, akakumbuka maneno aliyoandika kwenye daftari, akaketi sakafuni. Tunataka kusikia mambo ya watu. Na jina lake lilikuwa pale pale, kubwa kama bango, kana kwamba ndiye aliyeiagiza ile kaseti.

Akaipapasa ile kaseti kwa vidole. Pale juu, kwenye kile kitundu ambacho kikiwa wazi huzuia kaseti isirekodiwe tena, palikuwa pamebandikwa kipande cha karatasi ya gundi. Kumbe aliyeingiza sauti yake alipitia hapo. Na yeye angeweza kupitia hapo hapo.

Jumapili, majirani walipokuwa kanisani, alifunga mlango na madirisha. Akairudisha kaseti hadi pale mzee wa nyuki alipokatika, akabonyeza kitufe chekundu. Hakujua aseme nini. Akaanza tu kusimulia jinsi nyanya yake alivyovuka mto kule Sondu siku ya mafuriko, amejifunga mtoto mgongoni na kuku kichwani. Alisimulia mpaka utepe ukaisha, koo likamkauka.

Jumatatu asubuhi akaipeleka. Kando ya meza ya Waliaula alisimama mwanamume mwenye koti la kijivu, akipekua daftari la malalamiko ukurasa kwa ukurasa. Waliaula alikuwa ametoa jasho hadi tai imelowa.

"Wewe ndiye Perez Amolo?" mwanamume aliuliza.

"Ni mimi, Bwana."

"Mambo ya watu. Mambo gani hayo?"

"Hadithi, Bwana. Macho yangu yamekufa."

Mwanamume akanyoosha mkono. Perez akampa kaseti. Mtu yule akaitia kwenye redio ya maktaba, akasimama akiisikiliza. Mizinga. Moshi. Mkwaruzo. Perez alishika ukingo wa meza. Sauti yake mwenyewe ikatoka, nyembamba, ikieleza habari za maji yaliyofika kifuani.

Yule mwanamume alisikiliza muda mrefu. Hakucheka, wala hakuuliza ni sauti ya nani, ingawa mwenye sauti alikuwa mbele yake. Aliizima, akachana ule ukurasa wa daftari, akaukunja, akautia mfukoni. Kisha akaondoka.

"Mama," Waliaula alinong'ona, "mimi sikujua. Naapa."

Perez hakujua kama amwamini. Mwezi uliofuata Waliaula alihamishwa, na hakuna aliyesema alipelekwa wapi. Beldina hakuja kuchukua gauni. Alimtuma dada yake.

Kaseti ziliongezeka miaka ya baadaye, hata za hadithi zikafika. Perez aliziazima zote. Lakini hakuna hata moja aliyoifungulia mbele ya mteja kabla hajaisikiliza peke yake, mlango umefungwa, sikio limegusa redio, tangu mwanzo hadi mwisho wa utepe.