Mkaratusi Juu ya Jiko la Dada

Miaka ile ya mashamba ya ngano ya serikali nilikuwa karakana, kwenye matrekta na mashine za kuvunia. Nilijifunza kwa kuangalia. Nasema hivyo mapema, maana kule Gehandu, kijijini kwa dada yangu, walinichukulia kama fundi kamili.

Upepo uliangusha mkaratusi ukalalia jiko la dada yangu, ukavunja paa. Ukuta wa matofali ya tope ulikuwa umesimama bado, ila umebeba mti. Shemeji alitaka kutumia shoka, akaona kila pigo linamwaga udongo, akaacha. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mlima Hanang, na mvua ikiuingia ukuta ule bila paa, jiko limekwisha, na chumba cha watoto kimeungana nalo.

Jirani, mzee mfugaji, alikuwa na chenso, msumeno wa injini. Haukuwaka. Nilimwamkia shikamoo, nikakagua plagi, nikaona haitoi cheche. Platini, vile vidude vinavyokata na kuunganisha umeme wa cheche, zilikuwa chini ya flaiwili, lile gurudumu zito lenye sumaku, na flaiwili ilikuwa imeng'ang'ania shafti kama imechomelewa.

Nilitia kamba ndani ya silinda kupitia tundu la plagi ili injini isizunguke. Nati inayobana flaiwili ilikubali. Flaiwili haikukubali. Shemeji akaenda kuchukua nyundo. Mzee hakuinua sauti.

"Nyundo hapana. Ukipinda shafti, mtakata mti wenu kwa meno."

Halafu akanigeukia mimi. "Wewe si ndiye unayefungua matrekta ya serikali? Hiki kidude kinakushinda?"

Kweli kilinishinda. Mikono yangu ilizoea vitu vikubwa, ambavyo ukiviminya havilalamiki. Nilitoboa kipande cha chuma bapa, nikakifunga kwa bolti mbili kwenye matundu ya flaiwili, bolti ya tatu katikati ikisukuma ncha ya shafti. Nati niliirudisha mizunguko michache tu, ili flaiwili ikiachia isiruke. Nikakaza. Haikusogea.

Hapo ndipo sikuweza kukaa. Nilikwenda kuangalia ukuta, nikarudi nikakaza kidogo. Nilikwenda kuangalia mlima, nikarudi nikakaza tena. Niliogopa kukaza na niliogopa kutokaza. Chuma bapa kilianza kupinda. Shemeji alisema natembea kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mwishowe dada akaleta ugali na maziwa ya mgando.

"Kaka, keti. Ukiisimamia hivyo itaona aibu kutoka."

Nikaketi, lakini macho yangu hayakuketi. Tukiwa katikati ya tonge, ikalia tak, kavu, kama kijiti kikivunjika. Hakuna aliyekuwa ameigusa. Nilidhani shafti imekatika, nikabaki na tonge mkononi. Shemeji ndiye aliyeinuka kwanza. Flaiwili ilikuwa imekaa kwenye nati, imeachia, nzima.

Baadaye kila mtu alikuwa na maelezo yake. Shemeji alisema aligongagonga kichwa cha bolti taratibu, kwa mpini, nilipokwenda kuangalia mlima. Mzee alisema ni jua lililopasha chuma. Mimi ningependa kusema ni kukaza kwangu. Sijui. Huenda wote tulihusika, na huenda ingeachia mapema zaidi kama ningeiacha peke yake.

Nilisugua platini kwa msasa, nikarudisha kila kitu, nikavuta kamba ya kuwashia. Ikawaka mara ya tatu. Mzee mwenyewe ndiye aliyekata, akianzia matawi, kipande kwa kipande, shemeji akipokea kila kipande kwa bega ili kisiangukie ukuta. Mti ulipotoka wote, tulitandika turubali la kuanikia mahindi juu ya ukuta, na mvua ikaanza tukiwa bado tunafunga kamba.

Kesho yake nilipanda lori la shamba kurudi kazini. Tulipopita pale niliona ukuta umesimama na moshi unatoka chini ya turubali. Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi kidogo. Lakini njia nzima nilikuwa najaribu kukumbuka ile nati ya flaiwili, kama niliimalizia kwa spana au niliizungusha tu kwa vidole, kwa haraka ya mvua.