Makofi ya Kilo

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na joto la Siakago halikunisaidia. Nilikuwa nimehamishwa kutoka Ruiri, ambako asubuhi tulifundisha tumevaa masweta kwa baridi, nikapewa Gredi ya Nne yenye watoto arobaini na wawili, mmoja wao msichana asiyekaa darasani. Somo likichangamka tu, huyo, mlangoni. Nikimfuata nampata nyuma ya tangi la maji, magoti kidevuni.

Kusoma nako kulimshinda. Herufi zilimchanganya, naye akichanganyikiwa alirarua daftari. Mwalimu mkuu akaniita ofisini.

"Madam, tumevumilia. Akiendelea kutoka class hivi hadi closing day, nitaambia shosho yake amchukue akae nyumbani."

Nyanya huyo ndiye aliyekuwa akimlea, na shule nyingine ya karibu ya kumpokea haikuwepo. Nilitoka mle nimekasirika, ingawa sikujua namkasirikia nani.

Nikaanza kuhangaika. Nilimleta akae mbele, karibu nami. Wenzake wakipewa maswali kumi, yeye nilimpa matatu. Nikakata kadi kutoka pakiti ya unga, nikaitoboa kidirisha cha upana wa mstari mmoja, ili akiiweka juu ya kitabu aone mstari huo tu. Kadi ile ilifanya kazi. Jumanne moja alisoma mstari mzima, polepole, kidole kikimwongoza, nami kwa furaha nikapaza sauti, "Mpigieni makofi ya kilo!"

Aliyesoma shule zetu anayajua: darasa zima kwa pamoja, mapigo matatu, la mwisho kwa nguvu zote. Kwangu hata aliyetaja leo ni siku gani aliyapata. Msichana aliziba masikio, akatoroka. Nami, kwa akili zangu za chuo, nikaona kumbe sifa hazijamtosha. Kesho yake nikaagiza kilo mbili. Keshokutwa, tatu. Siku hiyo aliichana kadi vipande vipande.

Ijumaa nilimwita nyanya yake, nimejipanga kumlaumu. Alinisikiliza hadi nikamaliza.

"Mwalimu, huyu hata kanisani hawezi kaa. Wakianza makofi na ngoma, anatoka. Mimi nasikia ibada nikiwa nje na yeye. Masikio yake inauma. Hakuna mtu aliniuliza."

Kweli, sikuwa nimemuuliza. Hasira hasara. Muhula mzima nilikuwa nikimfukuza darasani kwa mikono ya wenzake, huku nikimwandika mtoro. Niliona aibu hata ya kumsindikiza mama wa watu hadi langoni.

Jumatatu nikatangaza kwamba darasa letu halipigi makofi tena. Tunatoa maua: unainua mikono, unachezesha vidole, kimya. Watoto walipenda mno, hata mbuzi aliyepita dirishani akapewa yake. Msichana alikaa hadi kengele. Kesho yake pia.

Wiki ya kufunga shule, mwalimu mkuu aliingia kujionea, na nyanya akasimama mlangoni. Nilikuwa roho mkononi. Msichana aliweka kadi mpya, akasoma mstari wa kwanza, kisha wa pili. Mwalimu mkuu akasahau ukubwa wake, akapanua mikono apige.

"Aai, teacher! Si makofi, ni maua!" darasa zima lilinong'ona.

Mikono yake ikaganda hewani. Kisha vidole vyake vinene vikaanza kuchezacheza. Kule mlangoni, nyanya naye akainua vyake.

Msichana alitazama mlango. Akatelezesha kadi hadi mstari wa tatu, ambao hakuna aliyemwambia ausome, akaendelea.

"Madam," mwalimu mkuu alininong'onezea, "huyu anabaki."

Nililia mbele ya watoto bila haya, nao wakanipa maua.