Bakuli la Maharage ya Sukari

Simu ilinikuta Nizwa, hapa Oman, asubuhi, wasomaji wangu: rafiki yangu wa Ibra ametutoka. Nililia, kisha nikacheka, kwa sababu sijapata kumjua mtu mbishi kama yeye. Alizaliwa Unguja, akaolewa Ibra, na tangu mwanzo alipika ukweni maharage ya bibi yake, ya nazi na sukari, yaliyopondwa yakalainika. Kila wakija wageni, wifi yake aliliondoa lile bakuli kwenye sinia ya tende na kahawa.

"Aib, ya ukhti, aibu dada yangu! Maharage na sukari? Watasema tumeoa Afrika."

"Kwani hamkuoa?" alijibu, akalirudisha. Wifi akaliondoa tena.

Mwishoni mwa miaka ya tisini mumewe, mfanyakazi wa gesi kule Sur, alipelekwa Japani kwa mafunzo, wakafuatana. Katika mji mmoja wa milimani walimkuta bibi kizee akiuza maandazi madogo ya mvuke, wenyewe wanayaita manju. Kwa kuogopa nyama ya nguruwe, mwenzangu hakutia kitu mdomoni mpaka alipopasuliwa andazi moja aone ndani. "Wallahi nilipiga ukelele," alinihadithia. "Maharage! Yamepondwa, matamu, kama ya bibi yangu! Na wao wanayala na chai yao, hawamwombi mtu radhi."

Aliporudi Ibra aliwapikia wageni maandazi yale. Walisifu vitamu vya Japani, na wifi akachukua la pili. Rafiki yangu angeweza kunyamaza akala sifa zake. Aliinuka akasema, "Andazi ni la Japani. Kilichomo ndani ni kile mnachokiondoa kwenye sinia." Wifi akalirudisha andazi sahanini. Maandazi hakuyapika tena. Alirudisha bakuli lake, maharage matupu, na ugomvi ukaendelea miaka.

Juzi msibani, wifi yule, macho yamemvimba, alitoka jikoni na bakuli la maharage, akalitua katikati ya tende. Mgeni mmoja akauliza, "Ndiyo yale ya Japani?"

"La," alisema wifi. "Ya Unguja. Ya nyumba hii."

Nimechoka na sisi tunaosubiri watu wa mbali wasifu chakula cha mama zetu, na Kiswahili chao pia, ndipo tuvionee fahari. Mimi sisubiri tena. Kwangu bakuli litakaa katikati ya sinia, na asiyelitaka, tende zipo.