Picha ya Nane

Wenzake kazini walimwita Mama Pasi, naye jina akalipokea. Alikuwa na miaka sitini na miwili, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa anapiga pasi nguo za hospitali moja. Mashuka ya wodini, makoti ya madaktari, mapazia ya vyumba vya wagonjwa, vyote vilipita mikononi mwake kwenye chumba cha chini chenye mashine sita na dirisha moja.

Nchi ile haikuwa ya kwao. Aliingia akiwa na miaka arobaini, mjane, kamshika mkono binti yake wa miaka mitano. Binti aliidaka lugha ya pale kama mtoto anavyodaka mafua. Miezi mitatu tu ya kucheza na watoto wa jirani, akawa anaota kwa lugha hiyo na kugombana kwa lugha hiyo. Mama yake aliambulia maneno ya kazini: moto, baridi, safi, chafu, kesho, naomba ruhusa. Kule chini walikuwa wageni watupu, kila mmoja na lugha yake, wakielewana kwa vidole na kwa vicheko. Hakuna aliyemtaka aseme zaidi ya hapo.

Ndipo ikatoka sheria mpya. Mgeni yeyote anayetaka kuendelea kufanya kazi lazima afaulu mahojiano kwa lugha ya serikali. Maswali kumi na mawili ya mazungumzo, kisha picha nane za viongozi: useme huyu ni nani na ana cheo gani, kwa sentensi kamili. Alama ishirini kwa jumla, kufaulu ni kumi na tano. Nafasi ni tatu. Ukianguka ya tatu, kibali cha kazi basi.

Mara ya kwanza alipata sita. Mara ya pili, kumi na moja. Maji yalikuwa shingoni. Binti, ambaye sasa alikuwa muuza dawa na mtu mzima mwenye funguo zake, akabandika picha za viongozi jikoni, juu ya sinki, na kila jioni akamsimamisha mama yake mbele ya picha hizo.

"Huyu nani, mama?"

"Spika wa bunge."

"Kwa lugha yao. Sentensi nzima."

Mama Pasi akafungua mdomo, ukabaki wazi. "Nimelisema leo asubuhi nikioga," akasema. "Sasa limekwenda. Wewe uliingia hapa ukiwa mbichi, mwanangu. Mimi nilikuwa nimeshakauka."

"Mwalimu wenu wa darasa la jioni anasema mtu mzima anaweza."

"Mwalimu wetu ana miaka thelathini."

Siku moja binti alichoka, uzalendo ukamshinda. "Miaka ishirini na miwili, mama. Ulikuwa unafanya nini muda wote huo?"

Mama Pasi akamtazama. "Nilikuwa napiga pasi," akasema.

Binti akaenda kusimama barazani mpaka uso ulipokauka. Aliporudi wakaanza tena, kutoka picha ya kwanza.

Siku tisa kabla ya mahojiano ya mwisho, Mama Pasi alirudi nyumbani mbio mbio, kitambaa cha kichwa mkononi. Redio ya kazini ilikuwa imesema jambo, naye alilielewa mwenyewe, bila kutafsiriwa na mtu: bunge limemwondoa waziri mkuu, na mwanamke aliyekuwa waziri wa afya ameapishwa. Binti alikuwa hajasikia. Alitazama simu yake, akakuta ni kweli, wakakumbatiana pale jikoni kama watu waliopata mtoto. Picha ya nane, ya waziri mkuu aliyeondolewa, ikabanduliwa juu ya sinki, ya huyo mpya ikachukua nafasi yake.

Siku yenyewe alivaa gauni lake la bluu alilolinyoosha mara mbili. Mhoji alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Mazungumzo yalimtoa jasho jembamba, lakini akapata nane. Kwenye picha alikwama moja, jaji mkuu. Sita nyingine alizipatia. Bado moja. Kijana akageuza ukurasa. Alikuwa yule waziri mkuu wa zamani.

"Huyu ni nani, na ana cheo gani?"

Mama Pasi akavuta pumzi, akataja jina. Kisha akasema polepole, "Huyu alikuwa waziri mkuu. Sasa waziri mkuu ni mwanamke. Aliapishwa wiki iliyopita."

Hakuwahi kusema sentensi nzuri kama hizo maishani mwake. Kijana aliitazama karatasi ya majibu kwa muda mrefu.

"Mama," akasema, "karatasi hii ilichapwa mwaka jana. Mimi naweza kuweka alama kwa kilichoandikwa hapa tu. Nikuulize tena. Huyu ana cheo gani?" Akalikazia neno la mwisho, macho yake yakimsihi.

Mama Pasi aliokota maneno mawili matatu. Akadhani hakusikika. Akarudia sentensi zake zilezile tatu, kwa sauti kubwa zaidi, na tabasamu.

Alitoka na kumi na tano pungufu moja.

Kwenye benchi la nje alimsimulia binti yote, hata jinsi kijana alivyolikazia lile neno. "Nilikosea wapi?" akauliza.

Binti alikuwa ameshajua kijana alitaka kusikia nini. Alikitazama kiatu chake. "Hukukosea, mama."

Walikata rufaa. Binti aliandika kurasa nne kwa lugha safi, akaambatanisha gazeti la siku ya kuapishwa. Baada ya wiki tano likaja jibu la mistari miwili: matokeo ya nafasi ya tatu hayabadilishwi. Msimamizi wa chumba cha pasi alilia waziwazi, akamfungia mashuka mawili ya zawadi. Wiki iliyofuata, mgeni mwingine alikuwa amesimama kwenye mashine yake.

Kilichobaki kilikuwa kibali cha mwaka mmoja mmoja, cha kuishi tu, chini ya jina la binti. Waliijaza fomu ofisini, binti akisoma, mama akiweka sahihi alipoonyeshwa.

"Hapa umeandika nini?" Mama Pasi akauliza, kidole kikiwa kwenye kisanduku kimoja.

"Mtegemezi."

"Nani?"

"Wewe, mama."

Akatikisa kichwa taratibu, akamwomba binti alitamke neno hilo kwa lugha yao. Binti akalitamka. Mama akalirudia mara moja tu, na kwa mara ya kwanza likamkaa kichwani.